Risasi za vita: Kwa nini zilipungua ukubwa, na kwa nini sasa zinaongezeka

KATIKA Kiswahili neno risasi lina maana mbili: metali laini na nzito, na kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Si bahati nasibu. Kwa karne nyingi askari alifyatua tufe la risasi tupu lililosukumwa na baruti nyeusi.

Mageuzi yalianza mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alipobuni baruti isiyotoa moshi mwingi. Mwaka 1886 Ufaransa ikawapa askari wake bunduki ya Lebel ya milimita 8. Kwa kuwa baruti hiyo ilikuwa na nguvu zaidi, risasi ilikwenda kasi mno, ikalazimu kuvikwa gamba la metali ngumu. Kipenyo nacho kikapungua kutoka takriban milimita 11.

Tofauti hiyo ilionekana Tanga, Novemba 1914. Baadhi ya askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871, na moshi wa baruti nyeusi uliwafichua kila walipofyatua. Hata hivyo Waingereza walishindwa, wakaacha bunduki nyingi za kisasa.

Kwa upande wa bastola, risasi ya milimita 9 iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20 ingali ikitumiwa na majeshi mengi duniani.

Suala la ubinadamu nalo liliibuka mapema. Katika miaka ya 1890, kiwanda cha Dum Dum karibu na Calcutta, India, kilitengeneza risasi yenye ncha isiyofunikwa, iliyotanuka mwilini na kuacha jeraha baya. Mkutano wa The Hague wa mwaka 1899 uliipiga marufuku vitani. Lakini polisi wa nchi kadhaa hutumia risasi za aina hiyo hadi leo, wakieleza kuwa si rahisi zipenye mwili na kumdhuru mpita njia.

Vita Kuu ya Pili ilidhihirisha kwamba mapigano mengi ya bunduki hutokea ndani ya mita 300. Urusi ya Kisovieti ikabuni risasi fupi ya milimita 7.62, ambayo baadaye ilitumika katika AK-47. Marekani ilikwenda Vietnam na risasi ya milimita 5.56, na mwaka 1980 NATO ikaidhinisha kipenyo hicho. Risasi moja ina uzito wa gramu 12 hivi, nusu ya ile ya awali ya NATO, hivyo askari hubeba maradufu kwa mzigo uleule.

Sasa mkondo unageuka. Mwaka 2022 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilichagua bunduki za milimita 6.8, likilenga kupenya fulana za kisasa za kuzuia risasi. Kila kinga inapoimarika, risasi nayo hunolewa upya. Anayebaki bila fulana ni raia.