Albamu Hizi Mlizipitaje Jamani?

Nikuulize swali moja, na unijibu bila kuona haya. Mara ya mwisho kusikiliza albamu nzima, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho bila kuruka hata mmoja, ilikuwa lini? Sizungumzii ule wimbo unaopigwa redioni asubuhi ukiwa kwenye foleni ya Mwenge, wala ule uliomtoa shoga yako ukumbini siku ya harusi yake. Nasema albamu. Wengi tukijibu kwa ukweli tutarudi zama za kaseti, pale ulipokuwa huna ujanja: kupeleka mbele kulimaliza betri, na mkanda ukinaswa ndani ya redio, kalamu ya Bic inaingia kazini.

Siwalaumu. Hata biashara yenyewe ilitulea hivyo. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 msanii wa Bongo alikuwa anapeleka mzigo wake kwa msambazaji Kariakoo, kaseti inatoka na nyimbo mbili zilizokwisha kuvuma redioni, halafu nyingine kibao za kujazia upande B. Ukishaumwa na nyoka mara tatu nne, unaanza kuogopa hata ung'ongo. Kisha zikaja simu, kila mtu akawa na nyimbo zake mia nne zimechanganywa kama mchele na choroko. Katika vurugu zote hizo kuna albamu tamu mno zilipita pembeni kimyakimya, na watu wakaendelea na shughuli zao kama hakijatokea kitu.

Leo nazitaja za kwangu. Onyo mapema: hapa hakuna haki wala usawa. Ni zile ninazozipenda mimi, kwa sababu zangu, na kama wewe hupendi gita, basi nakutakia safari njema kwenye kurasa za mapishi.

Naanza na mzee. Ukimtaja Dk. Remmy Ongala kwa watu wa rika langu, mmoja atakutajia "Mambo kwa Soksi", ule wimbo wa kondomu uliowafanya wakubwa wakunje nyuso, na mwingine atakuambia "si kile kituo cha daladala Sinza?" Kuna watu wanashuka Sinza kwa Remmy kila siku ya Mungu na hawajui kwamba Remmy alikuwa mtu, tena mtu wa gita, aliyefariki Desemba 2010. Sasa hao wote nawaomba watafute albamu inayoitwa Songs for the Poor Man, ya mwaka 1989, aliyoitoa na bendi yake ya Super Matimila. Ilitolewa na Real World, kampuni ya mwanamuziki wa Kiingereza Peter Gabriel. Hebu fikiria: jamaa kazaliwa Kindu, Kongo, kaja Dar mwaka 1978 kupiga na Orchestre Makassy, anaimba Kiswahili kuhusu wanyonge, halafu albamu yake inapangwa kwenye rafu za maduka ya Ulaya huku sisi wenyewe nyumbani tunausikia muziki huo kwa mafungu mafungu.

Usiiweke kama muziki wa kupigia deki. Kaa chini. Sikiliza yale magita yanavyogawana kazi: moja linashika njia, jingine linalijibu, la tatu linakuja na vijembe vyake kwa juu, na besi inatembea chini kama mtu mwenye uhakika na mshahara wake. Maneno yakikatika ndipo utamu unapoanza. Wimbo unakuwa umekubembeleza taratibu kwa dakika kadhaa, halafu ghafla magita yanafunguka na unajikuta mguu umeshaanza bila kukuomba ruhusa. Ndani humo mna "Kipenda Roho", na hapo nawaita wapenzi wote. Remmy alikuwa anajiita mwenyewe Sura Mbaya, hadharani, bila wasiwasi wowote. Mtu wa namna hiyo anapoimba kwamba moyo ndio unaochagua, unamwamini kuliko hawa vijana wetu wanaoimba mapenzi huku wanajiangalia kwenye kioo.

Kuna wazee wa dansi watakaokuambia albamu hii imesafishwa mno, kwamba Matimila halisi ilikuwa ile ya ukumbini, jasho linachuruzika na spika zinakoroma. Inawezekana. Lakini ukumbini huwezi kurudia wimbo mara nne, mimi nyumbani naurudia.

Ya pili inanigusa mahali, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Mwaka 2018 mume wangu alipata mkataba wa miaka miwili Mwanza. Mimi na mtoto tukabaki Dar. Mwanzoni simu zilikuwa za asubuhi, mchana na usiku, kama dozi. Baada ya miezi sita zikabaki za taarifa tu: ada imelipwa, LUKU imekwisha, mwenye nyumba kapandisha kodi. Baada ya hapo hata za taarifa zikawa za kugombana. Nani katuma nini, nani hajapokea simu, kwa nini sauti yako iko hivyo. Tulifika mahali pa kuitisha wazee. Nauli ya shangazi yake kutoka Moshi ilikuwa imeshatafutwa, na anayewajua mashangazi anajua kikao kile kingeishia wapi.

Yeye ndiye aliyeleta wazo, na kusema kweli nililiona la kitoto. Jumapili saa tatu usiku, kila mtu kwake, tunaweka albamu moja kwa wakati mmoja, simu iko hewani, na hakuna ruhusa kusema neno mpaka iishe. Albamu aliyoichagua inaitwa Toto Bona Lokua, ya mwaka 2004. Hayo ni majina ya wanaume watatu: Gerald Toto wa Ufaransa, mwenye asili ya Martinique, Richard Bona, yule mpiga besi hatari wa Kameruni, na Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu, mji ambao Kiswahili chake mnakijua. Wenyewe kila mmoja ni jina kubwa. Wameingia studio pamoja, wakaacha makeke yote nje, wakaimba. Sauti juu ya sauti, gita kidogo, makofi kidogo, basi. Hakuna anayetaka kumfunika mwenzake. Sielewi sehemu kubwa ya maneno mpaka leo, na nadhani hiyo ndiyo iliyotusaidia, maana hapakuwa na neno la kumchokoza mtu.

Jumapili ya kwanza niliona tunachekesha. Ya pili nilisinzia. Ya tatu, albamu ilipokwisha, palikuwa na kimya, halafu akaniambia kwamba tangu mwezi wa pili alikuwa anakula chakula cha usiku ndani ya gari, nje ya nyumba aliyopanga, kwa sababu kuingia kwenye chumba kisicho na mtu kulikuwa kunamshinda. Mwaka mzima huo mimi nasikia "nimekula, niko sawa". Tuliongea mpaka saa nane, na wala hatukugusa kodi. Sisemi muziki unatibu ndoa, msije mkanipeleka kwa wanasheria. Ninachosema ni kwamba wazee hawakuitwa, na ile nauli ya shangazi tulimtumia hivyo hivyo, akanunulia vitenge.

Kwa watakaoipenda: watatu hao walichukua zaidi ya miaka kumi kabla ya kurudi pamoja na albamu ya pili, Bondeko. Nzuri, lakini ya kwanza ni ya kwanza.

Tukitoka hapo, twende Arusha haraka haraka. Mwaka huohuo wa 2004 kundi la X Plastaz lilitoa Maasai Hip Hop kupitia OutHere Records ya Ujerumani. Wakati ule Bongo Flava ilikuwa ni Dar, Dar, Dar. Kama hukai Sinza au Temeke, nani atakujua? Hawa wakaja na rapu ya Kiswahili cha Kaskazini, na pembeni yupo Yamat Ole Meipuko anaimba Kimaasai kwa ile sauti ya kifuani, ya kuitikiana, na huwezi kujua kama mdundo unaibeba sauti au sauti ndiyo inayoubeba mdundo. Wamezunguka Ulaya na muziki huo. Hapa nyumbani, waulize kumi, wawili watakumbuka. Mwaka 2006 Faza Nelly, mmoja wa waanzilishi, aliuawa, na kila nikiisikiliza sauti yake mle ndani najiuliza kundi lile lingefika wapi. Ni albamu ya barabarani. Iwekeni mkiwa safarini, mmeshaipita Same na milima imeanza kukaa kushoto na kulia.

Sasa, kama una mama mkwe, sogea karibu. Wangu akija kutusalimia, wiki ya kwanza tulikuwa tunaishi kwa shikamoo, marahaba na televisheni. Siku moja nikaweka Zanzibara 1, albamu ya Ikhwani Safaa iliyotoka mwaka 2005 kuadhimisha miaka 100 ya kikundi hicho cha Unguja, kilichoanzishwa mwaka 1905. Waliotoa ni Buda Musique ya Ufaransa, ndiyo yale yale. Ni taarabu asilia hasa: fidla zinalia kwa pamoja, kanuni inadondosha noti kama matone ya mvua kwenye bati, udi, akodiani, na mwimbaji asiye na haraka ya kwenda popote. Wale wenzangu wa rusha roho mtaona imepoa. Vumilieni. Mafumbo yake si ya kumtupia jirani. Haya unayalamba taratibu kama halua.

Mama akanyamaza. Akavua miwani. "Mwanangu, umeitoa wapi hii?" Nikamwambia. Usiku ule nilisimuliwa jinsi alivyokwenda kutunza mwimbaji Tanga akiwa msichana, na noti aliyoitoa ilikuwa hela ya mafuta ya taa ya nyumbani kwao. Mumewe, yaani baba mkwe, ndiye aliyemlipia hela ile asipigwe. Mwanawe mwenyewe, mume wangu, alikuwa hajawahi kuisikia hadithi hiyo. Alikaa pale mlangoni na taulo begani mpaka maji ya kuoga yakapoa.

Ya Remmy na ya Ikhwani nimezikuta kwa urahisi kwenye intaneti, hamna kisingizio. CD zenyewe ukiona mahali, nunua bila kubembeleza bei sana.

Nilitaka kuishia hapo ila moyo umekataa. Mwaka 2002 marehemu Hukwe Zawose, yule gwiji wa Kigogo aliyekuwa Bagamoyo, alitoa Assembly akiwa na mpiga gita wa Kanada, Michael Brook. Ilimba na zeze vimekutana na mitambo ya studio, na sauti ya mzee inapanda na kushuka mpaka unatafuta ni watu wangapi wanaimba. Alifariki Desemba 2003. Nusu ya wapenzi wa muziki wa asili wanasema Mzungu kauharibu muziki wa mzee, na mume wangu yuko upande wao, haitaki hata kuisikia. Hiyo naisikiliza peke yangu jikoni, mlango nimefunga, ugali uko motoni.