Fahamu: Makao na Kazi kwa Waliobomolewa Nyumba Mathare

Makazi saidizi, yaani nyumba ya kodi nafuu inayoambatana na huduma za kumwezesha mpangaji kupata kazi na kudumu nayo, ni mpango ambao Eastlands, mashariki mwa Nairobi, imeuonja vipande vipande tu. Kazi Mtaani, programu ya serikali iliyoanzishwa mwaka 2020, ilisimamiwa na idara ya nyumba yenyewe, lakini iliwapa vijana vibarua vya usafi bila makao. Baada ya mafuriko ya 2024, nyumba za kandokando ya mto huko Mathare zilipobomolewa, serikali iliahidi kila kaya shilingi 10,000, fedha zinazotosha kodi kwa muda mfupi tu pasipo kumpa mtu kipato. Kwa kuwa Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinatambua haki ya makao ya kufaa, nyumba na ajira zinapaswa kutangulia tingatinga.