Cha Bure Kina Mwenyewe!

Umeichukua picha nzuri kwenye intaneti, hukulipa hata senti, ukaipamba kadi ya harusi yako. Poa. Lakini ulipoulizwa nani kachora, ulijibu nini? Kuna wachumba wa Tandahimba nusura waachane kwa swali hilo.

Msimu wa korosho ukikolea Tandahimba, vitu viwili havilali: mizani ya vyama vya msingi na kamati za harusi. Mnada ukishapita na wakulima wakishalipwa, kila wikiendi kuna shughuli. Leo sendofu, kesho kicheni pati, keshokutwa harusi yenyewe. Kadi za mchango zinamiminika kwenye WhatsApp mpaka unaogopa kufungua simu.

Bibi harusi wetu ni binamu yangu, mdada wa ofisini, mtanashati, asiyependa mambo ya kubabaisha. Mchumba wake ana steshenari ndogo: anapiga fotokopi, anachapa barua, na akipata muda anatengeneza kadi kwenye kompyuta. Kwa hiyo kamati ilipouliza nani atatengeneza kadi, shemeji akajipiga kifua. "Niachieni mimi."

Baada ya siku tatu kadi ikaja. Bwana wee! Fremu ya mabibo mekundu na ya njano, majani ya mkorosho pembeni, majina yao katikati kwa maandishi ya dhahabu. Wakina mama wakapiga vigelegele. "Shemeji, kumbe msanii!" Naye, badala ya kusema ukweli, akanogewa na ujiko: "Nimekesha siku tatu naichora."

Binamu yangu alitembea na kadi ile wiki nzima. Kazini, sokoni, saluni, kila mahali ni "mchumba wangu kachora mwenyewe."

Mtu mmoja tu hakupiga vigelegele: mjomba wa bibi harusi. Na kwetu Umakondeni, kwa mila, mjomba si mtu wa kupita njia. Aliitazama kadi, akaigeuza, akairudisha mezani bila neno.

Wiki mbili baadaye ikaja kadi ya mchango kutoka Newala. Harusi nyingine, watu wengine, mabibo yale yale. Kundi zima la WhatsApp likaangua kicheko. Ndipo mjomba akafungua mdomo: "Mimi niliona tangu siku ya kwanza. Tazameni korosho imekaa wapi."

Tukatazama. Aibu! Kwenye picha ile korosho ilikuwa imeota juu, upande wa kikonyo, wakati kila mtoto wa Tandahimba anajua kuwa korosho inaning'inia chini ya bibo. Aliyechora hakuwahi kuuona mkorosho. Sisi tuliokulia chini yake tulipumbazwa na rangi ya dhahabu.

Binamu yangu hakupiga kelele. Alimtazama mchumba wake akamuuliza swali moja tu: "Na kipi kingine uliniambia umefanya wewe?"

Hapo, mpenzi msomaji, kadi haikuwa kadi tena.

BURE MAANA YAKE NINI?

Shemeji alijitetea kama wengi wetu tunavyojitetea: "Lakini ilikuwa ya bure!" Ni kweli. Mchoraji aliiweka kazi yake kwenye intaneti na kuruhusu mtu yeyote aichukue, aichape, hata aibadilishe rangi. Aliomba kitu kimoja tu: atajwe jina. Hakutaka hela wala korosho.

Watu wengi wanadhani kitu cha bure ni kitu kisicho na mwenyewe, kama embe lililoanguka njiani. Si hivyo. Embe hilo lina mti, na mti una shamba.

Ruhusa nyingi za namna hii hutumia leseni za Creative Commons, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 2001 na kutoa leseni zake za kwanza mwezi Desemba 2002. Kazi yenye leseni hizo huwa na herufi fupi chini yake, na ukizijua hutaadhirika.

Ukiona BY, maana yake chukua, tumia, lakini mtaje aliyetengeneza. Ukiona NC, usiitumie kwa biashara, kwa hiyo wewe unayetoza hela kutengeneza kadi za watu, hiyo iache. ND inakataza kusambaza kazi uliyoibadilisha. SA inasema ukiibadilisha na kuisambaza, nawe uitoe kwa masharti yale yale. Ukiona CC0, mwenyewe ameachia kila kitu, na hata usipomtaja hujavunja sharti. Ila kumtaja ni uungwana, na uungwana hauna leseni.

Tovuti nazo zina taratibu zake. Freepik, wenye makao Hispania, wanakutaka uwataje kama unatumia kazi zao bila kulipia. Unsplash hawakulazimishi, ila wanakuomba. Hata fonti, zile herufi za mapambo, nyingi ni za bure kwa matumizi binafsi tu. Ukiiweka kwenye bango la duka lako, hapo umeshavuka mpaka.

Usidhani hayo ni mambo ya Ulaya. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Sheria hiyo inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa kazi ni yake, mbali na haki ya kupata hela. Yaani hela ni jambo moja, jina ni jingine.

SISI TUNAUJUA UCHUNGU HUU

Kama kuna watu duniani wasiohitaji kufundishwa maana ya kunyimwa jina, ni watu wa uwanda huu, kuanzia Newala na Tandahimba hadi Masasi.

Ingia duka lolote la zawadi, iwe Dar es Salaam au Nairobi, uulize kinyago cha mpingo ni cha nani. Jibu ni moja: "Cha Makonde." Makonde nani? Kabila zima halishiki tindo moja. Kuna mtu aliyeinama juu ya gogo lile wiki nzima, mikono imeota sugu, vumbi jeusi puani. Kinyago kikapanda ndege, jina lake likabaki kijijini.

Majina yanayojulikana leo yanajulikana kwa sababu kuna mtu alijisumbua kuyaandika. Ndiyo maana tunamjua Samaki Likankoa, fundi aliyetoka Msumbiji, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa vinyago vya mashetani mwishoni mwa miaka ya 1950. Tunamjua Yakobo Sangwani, anayehusishwa na vile vya ujamaa, watu waliobebana kama mnara. Tunamjua George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, Mmakonde aliyeanza na tindo akaishia kwenye rangi, na picha zake zikazunguka dunia. Mamia ya wenzao wamebaki kuwa "Makonde" tu.

Upande wa pili ni Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, aliyefariki mwaka 1972. Yeye jina lake limekuwa kubwa hadi limewafunika wengine. Kila picha ya tembo na ndege wa rangi kali inaitwa tingatinga, hata kama imechorwa jana na kijana mwingine kabisa. Ajabu, eh? Kwenye mpingo kabila limemeza majina ya mafundi, kwenye rangi jina la fundi mmoja limemeza ya wenzake.

Mwaka 1984 kinyago kiliibwa kwenye Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kilionekana baadaye Geneva, Uswisi, kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller, na mwaka 2010 kikarudishwa nchini. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kinaitwaje? Kinyago cha Makonde.

Sasa fikiria. Tunalalamika miaka yote kwamba wageni walichukua kazi zetu bila kutaja majina. Halafu tunakaa mbele ya kompyuta, tunadesa ua la dada wa watu huko Brazili au Indonesia, tunaweka majina yetu. Tofauti iko wapi?

YANAHUSU NINI MAPENZI?

Yanahusu sana. Mtu hazugi kwenye kadi peke yake. Ukizoea kuvaa sifa isiyo yako, unaizoea na nyumbani.

Wangapi tunawajua ambao mke ndiye aliyetoa wazo la biashara, akaandaa hesabu, akakesha, halafu mbele za watu mume anasema "nilianzisha"? Wangapi wanasifiwa kwa mapishi huku mtoto wa ndugu aliyepika yuko jikoni anakosha masufuria? Na akina dada tusijifanye malaika: kijana wa watu kapanga ukumbi mzima, kisha kwenye picha tunaandika "kazi ya mikono yangu".

Ndiyo maana binamu yangu aliumia. Picha ingekuwa ya kununua, angefurahi. Ingekuwa ya bure, angefurahi pia. Hakumaindi picha. Alimaindi zile siku tatu za kukesha ambazo hazikuwepo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio, na shemeji wetu aliivaa mbele ya ukoo mzima.

Kumtaja mwenye kazi hakukupunguzii kitu. Angesema, "Fremu nimeipata kwa mchoraji fulani, mimi nimepanga maandishi na rangi," bado tungepiga vigelegele. Kuchagua vizuri nako ni kipaji. Na mchumba wake angeenda saluni na hadithi ya kweli, isiyoogopa kadi kutoka Newala.

FANYA HIVI, USIADHIRIKE

1. Soma kabla ya kupakua. Chini ya kila picha ya bure kuna maneno madogo. Ndiyo mkataba wenyewe huo. Usipoyaelewa, muulize anayeelewa, au tafuta picha nyingine. Wikimedia Commons inaonyesha leseni ya kila picha, na Openclipart wanatoa michoro iliyoachiwa huru kabisa.

2. Andika hapo hapo. Fungua daftari au noti kwenye simu, uandike vitu vinne: jina la kazi, jina la aliyeitengeneza, umeitoa wapi, na leseni yake. Ukingoja kesho umeshasahau.

3. Taja mahali panapofaa. Kwenye kadi, mstari mmoja mdogo nyuma unatosha. Kwenye fulana, weka kwenye lebo au kwenye maelezo ya tangazo. Kwenye video, mwishoni. Leseni za Creative Commons zinakuruhusu kutaja kwa namna inayoendana na kitu chenyewe. Hakuna atakayekudai uharibu kadi.

4. Ukibadilisha, sema. Umegeuza maua mekundu kuwa ya bluu? Ongeza maneno mawili: "rangi zimebadilishwa."

5. Usifute saini. Ile alama ndogo pembeni si uchafu. Kuikata ni sawa na kukwangua jina kwenye kaburi.

6. Umekosea? Rekebisha upesi. Leseni za Creative Commons toleo la 4.0, la mwaka 2013, zinasema ukivunja sharti ruhusa yako inakatika, lakini ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ulipogundua kosa, inarudi yenyewe. Hata sheria inajua kusamehe.

SIKU YA SIKU

Wachumba wetu je? Siku nne hawakusemeshana. Kamati tukajua mchango umekwenda na maji. Siku ya tano mjomba akawaita wote wawili chini ya mwembe wake. Ndipo tukasikia jambo ambalo hata sisi wa nyumbani hatukulijua: ujanani alikuwa akichonga. Aliuza kwa mfanyabiashara aliyepita na gari, kwa bei ya kutupa.

"Hela ilikuwa kidogo, hiyo nimesamehe," alimwambia mpwa wake. "Ila vinyago vyangu vilipanda meli, jina langu hakuna aliyelipandisha." Kisha akamgeukia kijana. "Mkwe wangu, huyo aliyekupa mabibo umemwacha bandarini."

Shemeji hakujitetea tena. Alimwomba mchumba wake msamaha, akakiri mbele ya mzee. Kisha akamwandikia mchoraji kumweleza, japo mpaka leo hajajibiwa. Si neno.

Harusi ikafanyika. Kadi zilikuwa zimeshasambazwa na hela ya kuchapa nyingine haikuwepo. Lakini ukumbini, kabla ya keki, bwana harusi aliomba kipaza sauti. Akasema kadi ile hakuichora yeye, akalisoma jina la mchoraji kutoka kwenye kikaratasi, jina refu la kigeni. Akalitamka vibaya, akarudia, akalitamka vibaya zaidi. Ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele. Bibi harusi alikuwa wa kwanza kusimama.

Na kadi za shukrani? Zilikuwa na mabibo yale yale, jina la mchoraji nyuma, na maneno mawili ya ziada: "Korosho imehamishwa." Safari hii ilikuwa chini ya bibo, mahali pake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wewe je, kwenye simu yako sasa hivi kuna picha ngapi ambazo unajua zilichorwa na nani? Anza na moja. Leo.