Betri Inaposingiziwa

Dalili ya kwanza huwa redio. Inakwaruza, inakatika, kisha inanyamaza. Halafu waipa zinakuwa nzito, na taa za mbele zinafifia hadi zinafanana na koroboi. Ni foleni ya jioni kwenye Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, mvua inanyesha, na teksi inazima katikati ya njia huku daladala ikipiga honi nyuma yake. Betri ni mpya kabisa, stika ya duka bado haijabanduka. Ilinunuliwa Jumatatu, kwa sababu ile ya zamani nayo ilisemekana imekufa.

Kisa cha namna hii kila fundi umeme wa magari anakijua, na anajua pia kwamba mshtakiwa wa kwanza siku zote huwa betri. Ndiyo inayoonekana. Ukifungua boneti unaikuta imekaa juu, na kila mtu ana jirani aliyewahi kubadilisha yake. Alternata imejificha ubavuni mwa injini, ina ukubwa wa nazi ambayo haijafuliwa, na wenye magari wengi hawajawahi kuitazama.

Kumbe gari likishawaka, anayelisha nyumba ni alternata. Kazi kubwa ya betri ni kuzungusha stata. Baada ya hapo plagi, pampu ya mafuta, taa, feni na redio vyote vinakula kutoka kwa alternata, na betri nayo inarudishiwa ilichokopesha. Alternata ikigoma, betri inabaki kubeba mzigo wote peke yake. Usiku wa mvua gari dogo linaweza kutumia ampea 30 kwa urahisi. Betri ya ampea-saa 45 kwa hesabu ya karatasi ingedumu saa moja na nusu, lakini volti huanguka mapema na injini huzima kabla hesabu haijatimia. Betri mpya haikuponya teksi ile. Iliisogeza mbele siku chache tu, kwa safari fupi na za mchana.

Ndani ya kasha lake la aluminiamu, alternata haina uchawi. Mkanda kutoka kwenye injini unazungusha rota, mara mbili hadi tatu ya kasi ya injini yenyewe. Rota ni koili inayogeuka sumaku pale inapopitishiwa umeme kidogo, na umeme huo unaifikia kupitia vipande viwili vidogo vya kaboni vinavyosugua pete za shaba. Sumaku hiyo ikizunguka katikati ya koili zilizotulia ndani ya kasha, umeme unazaliwa. Lakini unaozaliwa ni ule wa kwenda na kurudi, kama wa nyumbani, nao betri haiwezi kuutunza; daiodi ndizo zinazouelekeza upande mmoja. Regyuleta inapima volti na kuamua rota ipewe nguvu kiasi gani.

Wazee walioendesha magari ya miaka ya 1950 walitumia dinamo, ambayo udhaifu wake mkubwa ulikuwa kwamba injini ikiwa imetulia bila kukanyagiwa mafuta, chaji ilikuwa ndogo au haikuwepo kabisa. Foleni ya Dar ya leo ingeimaliza. Daiodi za silikoni ziliposhuka bei mambo yalibadilika. Chrysler ya Marekani iliweka alternata kwenye Valiant ya mwaka 1960, na wengine wakafuata. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe iliendelea na dinamo kwa muda mrefu, na kwake taa nyekundu ya chaji ilikuwa amri ya kusimama papo hapo: mkanda uliozungusha dinamo ndio uliozungusha feni ya kupoza injini.

Kujua mwenye kosa hakuhitaji mashine ya kompyuta. Mita ya kawaida ya kupimia umeme, ile inayouzwa na wauza vifaa vya redio, inatosha. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima yenye chaji huonyesha volti 12.6 hivi; 12.2 ni nusu ya shibe, na chini ya 12 ni njaa. Washa injini, pima tena kwenye vichwa vya betri. Kwenye magari mengi namba inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12.3 na kuendelea kushuka taratibu, hakuna chaji. Ikipita 15, regyuleta imeachia, na betri itachemka hadi itoe harufu ya yai viza. Kisha washa taa, feni na waipa, kanyaga mafuta kidogo: alternata nzima haitetereki sana.

Lakini gereji nyingi zina kipimo chao. Injini ikinguruma, fundi anachomoa kichwa kimoja cha betri. Gari likiendelea kuwaka, alternata inapewa cheti cha uzima. Kipimo hiki kilirithiwa kutoka enzi za kabureta na platini, na kingepaswa kuzikwa pamoja nazo. Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya umeme ya alternata. Ukiiondoa ghafla, volti zinaweza kuruka hadi makumi kadhaa kwa kufumba na kufumbua, na kilichounganishwa upande wa pili siku hizi ni kompyuta ya injini. Tena jibu lenyewe halina maana: alternata iliyoungua daiodi moja inaweza kabisa kuendesha injini bila betri, ikapita mtihani, na usiku ikashindwa kubeba taa.

Kabla ya kufungua chochote, kuna mambo ya aibu ya kuangalia. Mkanda umelegea au umeng'aa kama umepakwa mafuta? Fyuzi kubwa ya chaji ni nzima? Pwani, kwenye hewa ya chumvi, vichwa vya betri huota unga mweupe au wa kijani ambao ni ukuta kamili kwa umeme. Maji ya moto yenye magadi na brashi ya waya huumaliza kwa dakika chache. Waya nao hula. Injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye nati kubwa ya alternata na nyingine kwenye kichwa chanya cha betri. Ukiona 0.2, njia ni safi. Ukiona volti nzima, alternata inapika 14.3 na betri inapakuliwa 13.3. Pima vivyo hivyo upande wa arthi, kutoka kwenye kasha la alternata hadi kichwa hasi.

Taa ndogo yenye picha ya betri kwenye dashibodi nayo ina siri. Swichi ikifunguliwa, kabla injini haijawaka, lazima iwake. Kwenye magari mengi ya zamani umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha rota. Balbu ikiungua, alternata inaweza kulala hata ikiwa nzima. Na wapo wauzaji wa magari ya mtumba wanaoing'oa makusudi ili mteja asione inawaka barabarani. Mnunuzi aangalie kama inawaka kabla ya kuangalia kama inazima.

Daiodi inayovuja ndiyo mwizi wa usiku. Gari linachaji mchana, asubuhi halina kitu, na betri inanunuliwa tena. Gari lililolala halipaswi kutumia zaidi ya ampea 0.05 hivi; likitumia zaidi, na alternata ikawa ya uvuguvugu wakati injini ni baridi, huhitaji mganga. Dalili nyingine ni mluzi kwenye redio unaopanda na mafuta, na mita ikiwekwa kwenye umeme wa kwenda na kurudi ikasoma zaidi ya nusu volti.

Kuifungua kunaanza kwa kuchomoa kichwa hasi cha betri, maana nati ile kubwa ina umeme saa zote na spana ikigusa bodi inatoa cheche za kuchomelea. Mara nyingi kinachokutwa ndani ni kaboni zilizokwisha. Kwenye alternata za Denso za Toyota nyingi, kaboni mpya hujitokeza milimita 10.5, na kikomo ni 1.5. Zinabadilishwa kwa kulehemu, pete zinapanguswa kwa msasa laini, rota inapimwa ohmu zake na kuhakikishwa haijagusana na shafti. Beringi inayolia inatolewa. Spea hizi ni ndogo na rahisi ukilinganisha na alternata nzima ya mtumba, ambayo nayo ina kaboni zilizosuguliwa miaka mingi katika nchi nyingine.

Tahadhari moja: mita haijui miaka. Magari mapya mengi huachia kompyuta ipunguze chaji ili kuokoa mafuta, hivyo kusoma 12.8 ukiwa mwendoni si lazima liwe kosa. Toyota Prius haina alternata kabisa. Betri yake ndogo hulishwa na ile kubwa kupitia kibadilishaji cha kielektroniki.

Teksi ya Barabara ya Mandela ingekutwa na kosa la kawaida kabisa: oili iliyovuja kutoka juu ya injini ikadondokea alternata, ikachanganyika na unga wa kaboni, na kaboni moja ikakwama kwenye nyumba yake isiguse pete. Kuziba uvujaji huo kwanza, kusafisha, kuweka kaboni mpya, kufunga mkanda. Mita inasoma 14.2, na taa na waipa zikiwashwa, 13.9. Ile betri ya zamani iliachwa dukani Jumatatu ili bei ya mpya ipunguzwe. Hakuna aliyeipima.