Usiupuuze Mlio wa Gari

Mama mpendwa, gari la familia likianza kutoa mlio wa kugongagonga, usiufunike kwa kuongeza sauti ya redio. Mlio huo ni kama kikohozi cha mtoto: sisi wauguzi huuliza kwanza kimeanza lini, na huzidi wakati gani.

Anza na vilivyomo ndani. Toa chupa, jeki na spana zilizolegea kwenye buti. Mlio ukiendelea, sikiliza. Ukisikika kwenye mashimo na matuta tu, mwambie fundi akague shokapu na viungo vya magurudumu. Ukizidi kadiri mwendo unavyozidi, simama mahali salama ukague nati za magurudumu. Zikilegea, gurudumu laweza kuchomoka.

Ukisikika hata gari likiwa limesimama na injini inaunguruma, shuku ekzosi. Hapo pana hatari kubwa kwetu sisi wa Mjimwema, Njombe. Baridi ya Juni na Julai hutufanya tufunge vioo vyote hadi Makambako. Ekzosi ikitoboka, gesi ya kaboni monoksaidi yaweza kuingia ndani. Haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Ukiziona kwa watoto, simamisha gari, zima injini, watoe nje wapate hewa safi, kisha wawahishe hospitali.

Tunaposali kabla ya safari, tusisahau kuyatumia pia masikio tuliyojaliwa na Mungu.