Mota Isiyo na Brashi kwa Helikopta ya Gramu 45

Wengi wanaobadilisha mota ya helikopta ndogo ya rimoti hudhani wananunua nguvu. Nguvu hupatikana kweli, ila peke yake haistahili gharama wala usumbufu. Kinachostahili ni uthabiti, yaani mota inayozungusha mapanga leo kama ilivyoyazungusha ilipotoka dukani. Tuchukue Blade mCP X, iliyotolewa na kampuni ya Marekani ya Horizon Hobby mwaka 2011. Pamoja na betri yake ina takriban gramu 45, na mapanga yake hubadili pembe, hivyo mrushaji hodari huweza kuipindua ikaruka miguu juu. Kiwanda kiliiwekea mota ya brashi, na mota hiyo huchakaa upesi.

Huchakaa kwa sababu ya umbo lake lenyewe. Sumaku imetulia, koili ndiyo inayozunguka, na umeme huifikia koili kupitia vibrashi vinavyosugua pete ya shaba iliyokatwa vipande kwenye mhimili bila kupumzika. Papo hapo mkondo hugeuzwa mwelekeo ili mzunguko usikatike, na kila ugeuzaji huzaa cheche. Ndege yenye mbawa hupunguza nguvu ya mota ikateleza hewani, lakini helikopta ya ukubwa huu hudai umeme mwingi tangu inaponyanyuka hadi inapotua. Basi vibrashi huliwa, joto hupanda, na mrushaji huanza kuilaumu betri. Mota isiyo na brashi hugeuza mpangilio huo: sumaku huzunguka, koili hutulia, na cha kusuguana hubaki beringi tu. Kugeuza mkondo ni kazi ya transista zilizo ndani ya kidhibiti mwendo, kinachoungwa na mota kwa nyaya tatu. Ukiona mota inazunguka kinyume, badilishanisha nyaya mbili zozote kati ya hizo, tatizo limekwisha.

Hata hivyo mota si kitu cha kuchomoa na kuchomeka. Bodi ya helikopta hii hupeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota ya brashi, ikiukatakata ili kupunguza au kuongeza mwendo. Kidhibiti mwendo cha kawaida hakielewi lugha hiyo. Husubiri mapigo ya milisekunde 1 hadi 2. Kwa hiyo huhitajika kisaketi cha kutafsiri katikati, au bodi nyingine kabisa, na kila gramu inayoongezwa hapo hubebwa na mapanga. Hesabu nayo haina huruma. Mota ya mizunguko 10,000 kwa kila volti, kwenye betri ya volti 3.7, hufika 37,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Gia isiyolingana nayo huyafanya mapanga yazunguke kasi kupita kiasi au mota ielemewe. Kisha kuna mkia, na hapa ndipo wengi hukwama. Mota kuu inaposukuma mapanga upande mmoja, mwili wa helikopta husukumwa upande wa pili, na kimota cha mkia ndicho kinachouzuia. Ukiongeza nguvu mbele ukaacha kile kile cha zamani nyuma, kitazidiwa, na helikopta itajizungusha yenyewe mara tu unapoipandisha kwa nguvu.

Atakayeuliza kwa nini usinunue iliyokwisha kuundwa hivyo ana hoja nzito. Kampuni yenyewe baadaye ilileta mCP X BL, yenye mota isiyo na brashi tangu kiwandani, na kwa mtu asiyefurahia kushika risasi na pasi ya kuchomelea, hiyo ndiyo njia ya busara. Wapo pia wanaosema mota ya brashi ni rahisi, iharibike ubadilishe. Kwa anayejifunza wako sahihi kabisa: helikopta yake itaanguka mara nyingi kabla vibrashi havijaisha, na mhimili uliopinda hauulizi mota ni ya aina gani. Kwa anayeruka kila jioni, mota za kubadilisha hugeuka gharama isiyokoma, tena kila moja hudhoofika polepole hata mkono wake usijue umezoea nguvu ipi. Huyo ndiye ambaye mabadiliko haya yanamfaa. Kama ni wewe, anza kwa kupata mota ya mkia inayotosha, gia inayolingana na kidhibiti kinachoelewana na bodi yako; mota kuu iwe ya mwisho kununuliwa.