Maneno ya Kiingereza yanayokuletea kesi na mteja

Leo tuangalie yale maneno ya Kiingereza tunayobandika chini ya picha za bidhaa kila siku bila kuyapima.

Mimi nauza simu used na vifaa vya umeme vya nyumbani hapa Manzese. Wateja wangu wengi wananipata Instagram na kwenye status ya WhatsApp. Mteja wa dukani anashika mzigo, anauwasha, anaugeuza. Mteja wa mtandaoni ana picha yako na maneno yako tu. Neno uliloandika ndilo atakalokubana nalo mzigo ukimfikia.

Na sheria iko upande wake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo hayo. Kisipofanana, kwa kawaida mnunuzi anaweza kukikataa. Kwa hiyo tuyapitie mawili mawili.

1. "Used" na "refurbished"
"Used" ni kitu kilichotumika, basi. Haisemi kama kimekaguliwa. "Refurbished" ni kitu kilichokaguliwa, kikarekebishwa penye tatizo, ndipo kikarudishwa sokoni. Kama simu imebadilishwa kioo tu kwa fundi wa jirani, usiiite refurbished. Andika: "Used, kioo kimebadilishwa, betri ni ileile." Mteja makini anapenda kujua, na huyo ndiye anayerudi tena.

2. "Original" na "genuine"
Hapa tunachanganya sana. "Genuine" ni kitu halisi cha kampuni ambayo jina lake limeandikwa juu yake. "Original", ukiongelea kifaa cha simu, mara nyingi ni kile kilichokuja na simu yenyewe. Chaja uliyonunua pembeni inaweza kuwa genuine lakini siyo ile ya kwenye boksi. Ukiandika "original charger", mteja anategemea ya kwenye boksi.
Kwa simu yenyewe, usibishane kwa maneno. Mnakumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu zenye IMEI bandia? Watu walibaki na simu zisizopiga wala kupokea. Bonyeza *#06#, upate IMEI yake ya tarakimu 15, itume kwa meseji kwenda 15090. Jibu likija, lipige picha uliweke kwenye tangazo. Linauza kuliko kuandika "original" mara tatu.

3. "Guarantee" na "warranty"
Kwenye maongezi ya kawaida haya mawili yanaingiliana, ndiyo maana yanagombanisha. "Guarantee" ni ahadi pana: kitu ni kizima, kisipokuwa kizima nitawajibika. Mteja wengi wanasikia "hela itarudi". "Warranty" kwa kawaida ni ahadi ya maandishi yenye muda na mipaka: kikiharibika kitatengenezwa au kitabadilishwa.
Jirani yangu anauza blenda. Aliandika "Guarantee miezi 6", hakuongeza kitu. Dada mmoja wa Mbagala akanunua kwa 85,000. Wiki ya tatu mota ikafa, akaja nayo kwenye mfuko.
"Kaka, naomba hela yangu."
"Dada yangu, iache hapa, fundi ataitengeneza bure."
"Hukuandika fundi, kaka. Umeandika guarantee." Akatoa simu, akamwonyesha tangazo.
Kila mmoja alikuwa mkweli kwa maana yake. Wakafikishana hadi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nusu siku ya biashara ikapotea. Mwisho jirani akarudisha 85,000, akamlipa fundi 15,000, akaiuza ile blenda 50,000 kama used. Piga hesabu: kuitengeneza tu kungemgharimu 15,000, lakini alivyoandika kukamgharimu 50,000.
Siku hizi anaandika hivi: "Warranty miezi 6. Mota ikifa tunatengeneza bure. Haihusu jagi lililopasuka wala blenda iliyoingia maji." Hajapata kesi nyingine.
Ongeza na hili. Kwenye tangazo, "good condition" ni hali nzuri ya mzigo. Kwenye sheria niliyoitaja, "condition" ni sharti kuu la mauzo, likivunjwa mnunuzi anaweza kukataa mzigo. "Warranty" ni ahadi ya pembeni, ikivunjwa anadai fidia, lakini hiyo peke yake haimpi haki ya kuukataa mzigo.

4. "Refund" na "exchange"
"Refund" ni hela kurudi. "Exchange" ni kubadilisha kitu kwa kitu. Ukiandika "returns accepted" bila kusema ipi kati ya hizo mbili, mteja atachagua mwenyewe, na atachagua hela. Andika siku ngapi, nani analipa boda ya kurudisha, na nani anabeba makato ya kutuma pesa.

5. "Free delivery" na "delivery available"
"Delivery available" maana yake usafiri upo, mteja analipa. "Free delivery" maana yake unalipa wewe. Na "free delivery Dar" inaanzia wapi, inaishia wapi? Kutoka Manzese kwenda Sinza ni karibu. Kutoka Manzese kwenda Kigamboni, faida yote ya kava la simu inaishia kwa bodaboda. Taja maeneo kwa majina.

Kanuni yangu ni moja: kabla ya kuposti, jiulize, "Mteja akinionyesha neno hili mbele ya mjumbe, nitaweza kulitimiza?" Kama huwezi, libadilishe. Na kama hujui maana yake vizuri, andika Kiswahili. "Imetumika miezi 8, ina mkwaruzo nyuma, ikiharibika ndani ya wiki 2 nakutengenezea" haina Kiingereza hata kidogo, na hakuna wa kukugeuzia maana.

Leo fungua matangazo yako matano ya mwisho uyasome kama vile wewe ndiye unayetoa hela. Kisha mtumie mwenzako anayeuza naye asome.